Ng'ombe Waliopotea katika Milima ya Buzuruga

Wasomaji wetu, siku moja tulikuwa darasani na watoto wa darasa la tano, tukiwafundisha habari za nchi ya Lesotho. Kitabuni palikuwa na picha ya mchungaji amepanda farasi, amejifunika blanketi mpaka shingoni, naye akiwakusanya ng'ombe waliotawanyika mlimani. Mtoto mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, kwa nini sisi hatuna farasi wa kutafutia ng'ombe waliopotea? Milima tunayo, na ng'ombe tunao." Wenzake wakacheka, lakini sisi hatukucheka. Swali lake lilikuwa la haki. Tena lilitukumbusha siku moja ya utoto wetu ambayo hatujapata kuiandika. Basi leo tumeona vema kulijibu swali lile mbele yenu, na pamoja na jibu kuisimulia siku ile, ijapokuwa si siku ya kujisifia.

Kwanza habari za farasi. Nchi ya Lesotho yote iko juu. Hata mabonde yake ya chini kabisa yamezidi meta 1,300 juu ya bahari, na wakati wa baridi theluji huanguka milimani. Watu wake walipata farasi katika karne ya 19, siku za mfalme wao Moshoeshoe, na farasi wakastawi, maana wadudu wanaowaambukiza maradhi hawapendi baridi ya namna ile. Kwetu sivyo. Farasi katika nchi zetu ana maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana, nao huwaua ng'ombe pia. Wa pili ni mdogo hata huwezi kumwona vema: ni kisubi aumaye usiku, achukuaye ule uitwao ugonjwa wa farasi. Punda milia huweza kukaa na ugonjwa huo mwilini bila kufa, lakini farasi aliyetoka mbali akiupata, mara nyingi hapati siku nyingi.

Waliokuja na farasi walijifunza hayo kwa hasara. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali. Katika vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliingia nchi hii na farasi na nyumbu wengi mno. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kwa hiyo babu zetu hawakukosa farasi kwa uvivu wala kwa ujinga. Punda walikuwa nao, na punda wangali wakituchukulia mizigo. Lakini ng'ombe aliyepotea alitafutwa kwa miguu, kama Sauli mwana wa Kishi alivyokwenda kwa miguu yake kuwatafuta punda wa baba yake katika nchi ya milima.

Tena iko sababu ya tatu, nayo ni mawe. Anayeijua Mwanza anajua tunalosema. Milima yetu si ya udongo wenye majani hata kileleni, ila ni mawe makubwa ya matale, jiwe juu ya jiwe, mengine makubwa kama nyumba, na katikati yake ni nyufa na mapango wakaamo pimbi. Farasi angefanya nini hapo? Angevunjika mguu kabla ya saa moja. Hata ng'ombe, mwenye kwato zilizopasuka na hatua za polepole, hushindwa mahali pengine.

Siku hizi Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela. Barabara ya kwenda Musoma yapita hapo, magari hayana idadi, na nyumba zimepanda mlimani mpaka kati ya mawe. Lakini tulipokuwa watoto palikuwa na mashamba ya mihogo na mtama, na nyua za minyaa, na nafasi ya kuchungia. Baba alikuwa na ng'ombe 14. Si wote waliokuwa wake. Kwa desturi ya Wasukuma mtu huweka ng'ombe wake kwa ndugu au rafiki, awatunze na kunywa maziwa yao. Hivyo katika kundi letu alikuwamo mtamba mmoja wa shangazi yetu, aliyekuwa mjane. Ng'ombe mwingine hakuwa naye. Mtamba yule ndiye aliyekuwa akiba yake, na tumaini la kumsomesha mwanawe.

Ilikuwa mwaka 1983, mwisho wa kiangazi, nchi imekauka, na watu wakitazama mawingu upande wa ziwa. Sisi na ndugu yetu, mtoto wa baba mdogo, ndio tuliokuwa wachungaji, nasi tulikuwa wa umri wa miaka kumi na miwili hivi. Siku ile baada ya adhuhuri tuliwapeleka ng'ombe chini ya mlima. Kisha tukachimba vishimo ardhini, tukaokota kokoto, tukaanza kucheza isolo, yaani bao la kwetu. Mchezo ulikuwa mtamu. Kila mmoja alijiona yu karibu kumshinda mwenziwe, na kila aliyeshindwa alitaka mchezo mwingine. Hata tulipoinua macho, jua lilikuwa limeinama, na ng'ombe waliobaki mbele yetu walikuwa 10. Wanne hawakuwapo: ng'ombe jike mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, maksai wa kulimia, ndama dume mweusi, na yule mtamba wa shangazi.

Tulikimbia huku na huku tukiita, tusione kitu. Ndipo hofu ikatushika; wala hatukuwahofia ng'ombe, tulijihofia sisi wenyewe, kwa ajili ya fimbo ya baba. Tukiwa njiani kurudi tukafanya shauri. Tukakubaliana kusema ya kwamba tumemwona mtu mrefu mwenye koti jeusi akiwaswaga ng'ombe wanne kuelekea Mahina, nasi tukaogopa kumfuata. Koti jeusi tulilichagua kwa hila ya kitoto. Tuliona ya kwamba katika jua lile hapana mtu wa kijijini kwetu angevaa koti, kwa hiyo neno letu halitamdhuru mtu tunayemjua.

Inafaa tuwakumbushe wasomaji vijana mambo ya miaka ile. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi katika Usukuma na Unyamwezi, na watu walichoka. Karibu na mwaka 1982 wanavijiji walijiunga wenyewe katika vikosi vya ulinzi vilivyoitwa Sungusungu. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na habari zao zilipelekwa kwa filimbi. Serikali ikaja kuvitambua katika sheria mwaka 1989. Tena desturi ya mwano ni ya zamani zaidi: ukipigwa mwano, yaani ukelele wa hatari, kila mwanamume aliyeusikia hana budi kutoka na silaha yake na kuupeleka mbele. Vikosi vile viliwarudishia wengi mali yao. Lakini chombo chenye nguvu namna ile kilitegemea neno la kwanza lililosemwa, na siku ile neno la kwanza lilitoka vinywani mwetu.

Baba hakutupiga. Alitusikiliza, uso ukabadilika, akatoka uani akapiga mwano. Filimbi ikajibu kutoka kilima cha pili, na nyingine kutoka cha tatu, na kabla hatujamaliza kuwafunga ng'ombe waliobaki, wanaume wengi walikuwa wakikimbia kwenye njia ya Mahina. Hapana hata mmoja aliyekwenda mlimani.

Hawakuchukua muda mrefu. Walirudi na mtu mrefu aliyevaa koti jeusi, naye alikuwa na ng'ombe wetu mwekundu, mwenye pembe iliyovunjika, amefungwa kamba. Sisi tuliposikia hayo mioyo ilisimama. Tulipomwona uso, tulitamani ardhi ipasuke. Alikuwa jirani yetu. Alikuwa akitoka mazikoni, ndiyo maana alivaa koti. Zaidi ya hayo, yeye na baba walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, na kwa muda wa mwaka mzima hawakupeana salamu. Basi kila kitu kilimshuhudia vibaya: koti, ng'ombe, njia, na ugomvi.

Walimkalisha chini ya mkwaju, mikono imefungwa kwa kamba ile ile ya ng'ombe. Kijana mmoja, kabla ya kuambiwa na mtu, alimpiga kwa rungu. Naye alipoinua mikono kujikinga, rungu likashuka juu ya vidole vyake. Jirani yule hakupiga kelele. Akasema, "Ng'ombe huyu nimemkuta peke yake penye kijito. Nikamjua kwa pembe yake, nikawa nampeleka kwa mwenyewe."

Baba akamwambia, "Wewe hata salamu hunipi, leo waniletea ng'ombe?"

Akajibu, "Salamu sikukuletea, nimekuletea ng'ombe wako. Ng'ombe hakugombana na mtu."

Watu wakanung'unika, wengine wakisema amejifunza maneno. Alikuwapo mzee mmoja mwenye mvi, ambaye wakati wote alikuwa amekaa juu ya kigoda chake asiseme neno. Akaomba sisi wawili tuletwe mbele. Akatuuliza kwa upole, "Wajukuu zangu, mtu mliyemwona alishika fimbo kwa mkono gani?" Sisi tukasema, "Wa kuume." Na ndugu yetu, katika nukta ile ile, akasema, "Wa kushoto." Pakawa kimya. Mzee hakutukemea. Akasema, "Nitauliza mara moja tu tena. Mlimwona mtu?"

Tulitazama chini, tukaviona vidole vya jirani. Damu ilikuwa ikidondoka kwenye koti lake. Hapo tukasema, "Hatukumwona mtu, guku. Tulikuwa tukicheza isolo."

Maneno yenyewe yalikuwa machache, na kuyasema kulikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Tungaliweza kuyasema tangu uani, rungu halijainuliwa bado.

Walimfungua. Baba akatafuta fimbo, na watu wote waliona ya kuwa ana haki ya kuitafuta. Lakini jirani akamzuia, akasema, "Waache kwanza. Usiku umeingia, na ng'ombe watatu wangali nje. Fisi hatangoja tumalize kesi." Kisha akatugeukia sisi, tuliomfikisha pale, akauliza kama mtu aulizaye njia: "Mlipoanza kucheza, upepo ulitoka wapi? Nao ng'ombe walielekeza vichwa wapi?" Tukamwambia yote kwa kweli. Akasema, "Basi hawakwenda Mahina. Huyu mwekundu amejitenga nao. Hao wengine wamepanda."

Usiku ule wanaume walijaribu kwa mienge, lakini mawe yalikuwa na giza na mashimo, na mtu mmoja alianguka akajeruhi goti; wakarudi. Jogoo wa kwanza alipowika tulitoka tena, jirani mbele, mkono wake umefungwa kitambaa, sisi nyuma yake, na baba nyuma yetu. Hapo ndipo tulipojifunza namna ya kumtafuta ng'ombe, nasi twaiandika kwa wale ambao bado wanachunga.

Hakukimbia, wala hakuita. Alikwenda kwanza mahali petu pa kuchezea, akazunguka duara pana mpaka akaona nyayo zikitoka. Akatuonyesha ukwato uliotua kwa utulivu na ukwato wa ng'ombe aliyefukuzwa, ambao huchimba kwa mbele na kurusha udongo. Nyayo zile zilikuwa za utulivu, wala hapakuwa na mguu wa mtu nyuma yao. Kama mtu angalitazama jioni ile, nyayo zenyewe zingalimtetea jirani yetu. Penye jiwe tupu, pasipo nyayo, alitafuta mavi, akayavunja kwa kijiti kutazama kama ndani yangali na umaji. Alitazama matawi yaliyoliwa, akatuonyesha upande ambao majani yalivutwa. Kila baada ya mwendo kidogo alisimama kimya, akasikiliza, akatazama angani kama kuna yangeyange, kwa maana ndege wale weupe hupenda kuwafuata ng'ombe. Akatuambia, "Ng'ombe mwenye kiu hapotei. Anajua anakokwenda, sisi ndio hatujui."

Jua lilikuwa limepanda kidogo tulipofika kwenye bonde jembamba kati ya mawe mawili makubwa, ambapo maji yalivuja kidogo kidogo na majani yalikuwa mabichi. Maksai alikuwa amelala akicheua, na ndama mweusi ubavuni pake, kana kwamba hapakuwa na lolote lililotokea duniani. Baba akataka kuwashukia moja kwa moja. Jirani akamshika bega, akamwonyesha kwamba tukitokea chini watapanda juu zaidi, na tukiwashtua watajitupa kwenye nyufa. Tukazunguka polepole tukawa juu yao, tukakaa waone ya kuwa sisi ni watu wao, kisha yeye akaanza kupiga mluzi wa taratibu, ule wa kuwaongoza kisimani. Maksai akasimama, akatangulia, na ndama akafuata.

Mtamba wa shangazi tulimwona mwisho. Alikuwa ametumbukiza mguu wa nyuma kati ya mawe mawili. Alikuwa amepigana usiku kucha kujitoa, na mfupa ulikuwa umevunjika. Fisi walikuwa wamefika. Alikuwa hai bado, akatutazama. Baba alimchinja palepale.

Jirani hakusema kitu, wala baba. Lakini sisi tulijua hesabu yake, na tangu siku ile hatujaisahau. Jioni iliyotangulia palikuwa na wanaume wengi wenye miguu ya mbio, na mwanga ulikuwa umebaki. Kama tungalisema, "Tulicheza, wakapotea," wanaume wale wangalipanda mlimani, na huenda mtamba angalilala zizini. Uongo wetu uliwapeleka watu wote upande usiokuwa na ng'ombe, ila yule mmoja aliyekuwa akirudishwa na mtu mwema.

Shauri likaamuliwa mbele ya watu. Kijana mwenye rungu na wenziwe walitoa mbuzi, na baba akatoa mbuzi mwingine, kwa kuwa mwano ulitoka kwake. Shangazi alipewa ndama mweusi badala ya mtamba wake. Alimpokea asiseme neno la ukali, ijapokuwa ndama dume hazai. Sisi wawili tuliamriwa kuchunga ng'ombe wa jirani masika yote bila ujira, kwa sababu vidole vyake havikuweza kushika fimbo. Asubuhi ya siku ya kwanza tulipotoka kwenda kwake, baba alifuatana nasi mpaka mlangoni, akasema, "Mwangaluka." Jirani akaitika. Mpaka wa shamba ulibaki na maneno yake mpaka mwaka mwingine, lakini salamu zilikuwa zimerudi.

Baadaye, tulipokuwa tukijifunza katika darasa la ubatizo, tulisomewa katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 23, ile sheria ya mtu amkutaye ng'ombe wa adui yake amepotea, ya kwamba hana ruhusa ya kumpita, imempasa kumrudisha. Wenzetu waliona ni sheria ngumu. Sisi tuliinamisha vichwa, maana tulikuwa tumemwona mtu akiitimiza, naye wakati ule hajui kusoma. Na malipo yake tuliyajua, kwa kuwa tulimlipa sisi.

Jirani yule amekwisha kufa. Alipona mkono, lakini kidole chake kimoja hakikunyoka tena. Tulipokuwa watu wazima, tukaja kuwa mwalimu, kila tulipokutana naye njiani alitupa mkono kwa furaha, akauliza habari za shule. Nasi kila mara tulikisikia kidole kile kilichopinda ndani ya kiganja chetu. Hakupata kutukumbusha. Wala haikuhitajika.

Siku hizi mwano hautembei kwa filimbi tu. Mtu hukaa chumbani, akaandika katika simu yake kwamba fulani ni mwizi, au fulani ni mchawi, na kabla hajanywa maji neno limevuka ziwa. Farasi wa Lesotho hawezi kulifikia. Wala mwenye kulitoa hawezi kulirudisha zizini. Ndiyo sababu yule mzee mwenye kigoda twamkumbuka sana. Watu wote walikuwa na haraka, naye aliuliza ni mkono gani.

Basi mtoto aliyeuliza habari za farasi tulimjibu siku ya pili. Tulimweleza habari za kisubi na mbung'o na mawe, kama tulivyowaeleza ninyi. Kisha tukalipeleka darasa zima nyuma ya shule, penye udongo laini, ambapo ng'ombe wa jirani mmoja walikuwa wamepita asubuhi, tukawaambia wainame wasome: huyu alikwenda taratibu, na huyu alifukuzwa. Walikaa pale wameinama mpaka kengele ilipolia, na yule muulizaji alikuwa wa mwisho kuinuka.